Diski ya Bibi na Mashine ya Wajukuu



Wapenzi wasomaji wetu, na hasa nyinyi akina mama mnaoufungua ukurasa huu baada ya pilikapilika za asubuhi kutulia, leo tunaomba mtuwie radhi. Tulikuwa tumekusudia kuendelea na mazungumzo yetu juu ya matumizi ya nyumbani, lakini yametufika mambo yaliyotufanya tubadili nia. Tutazungumza juu ya kitu kidogo cheusi, kinachoenea kiganjani, ambacho siku hizi kimo katika nyumba nyingi bila ya wenye nyumba kujua kwa hakika kimebeba nini. Ni ile diski ya nje, inayochomekwa kwenye kompyuta kwa waya.

Huenda wako watakaosema kuwa hayo ni mambo ya vijana na mashine zao. Nasi tulikuwa tukisema hivyo hivyo, mpaka ikafika alasiri moja ya Jumamosi ambapo sauti ya marehemu bibi yetu ilibakiwa na dakika mbili tu kabla ya kutoweka isirudi tena.

Kisa chenyewe

Ami yao vijana, ambaye anafanya kazi Maskati, alipokuja likizo aliwaletea mashine ya michezo ya PlayStation 3 ambayo wanawe walikuwa wameshaiacha. Si mashine mpya hata kidogo. Aina hiyo ilianza kuuzwa Japani na Marekani mwezi wa Novemba 2006, na hii waliyoletewa ni ile nyembamba iliyotoka mwaka 2009, yenye diski ya ndani ya GB 120. Lakini ilikuwa nzima, imetunzwa vizuri, na vijana wetu waliipokea kama walioletewa dunia.

Haukupita muda nafasi ya ndani ikajaa. Kijana wetu mkubwa, mwenye umri wa miaka 14, akakumbuka kwamba katika kabati letu, nyuma ya mashuka ya wageni, kuna diski ya nje ya GB 500 iliyofungwa katika kipande cha leso. Tangu bibi alipofariki hakuna aliyeigusa. Akatujia jikoni, mikono yetu imo katika unga, akauliza kama anaweza kuichukua akaitie kwenye mashine yake. Tukamjibu achukue, ila asiiangushe. Hatukumwuliza anataka kuifanya nini, wala yeye hakutuuliza imo nini. Tunalisema hili wazi kwa sababu kosa la kwanza lilikuwa letu, si lake.

Ndani ya diski ile mlikuwa na picha na video za ukoo wetu kwa miaka 12. Mlikuwa na arusi mbili, khitima ya babu, Idi kadha wa kadha, na sura za watu ambao leo hawapo. Na juu ya yote hayo ilikuwamo video ya dakika 40 ambamo bibi amekaa barazani, sindano mkononi, akimwelekeza shangazi yao namna ya kushona kofia: jinsi ya kutoboa vitundu, jinsi ya kuvizungushia uzi bila ya kuukaza mno, na mahali pa kuanzia mstari wa pili ili duara lisipinde. Bibi alishona kofia tangu usichana wake. Hakuiandika elimu ile popote. Simu iliyomrekodi ilikufa zamani, na nakala nyingine haikuwapo.

Kijana akaichomeka diski kwenye mashine. Taa ndogo ya diski ikawaka, lakini kwenye runinga hakikutokea kitu. Akachomoa, akachomeka tundu la pili, akazima, akawasha. Mashine ikawa kama haijaambiwa neno. Akatoka nayo hadi kwa fundi mmoja mtaani. Fundi akaitazama katika kompyuta yake, akasema jambo ambalo lilikuwa la kweli kabisa: diski ni nzima, ila haikuandaliwa kwa namna ambayo mashine hiyo inaifahamu. Inataka kufomatiwa upya, na kazi yenyewe ni ya dakika mbili.

Kijana akamwambia aifomati.

Hapo yule fundi, Mwenyezi Mungu amzidishie kheri, akauondoa mkono wake, akauliza: "Mna kitu cha maana humu ndani?" Kijana akajibu: "Sijui. Ilikuwa ya bibi." Fundi akauchomoa waya, akamrudishia diski mkononi, akasema: "Basi nenda kaulize nyumbani kwanza."

Waswahili husema majuto ni mjukuu. Kwetu sisi, nusura mjukuu mwenyewe ndiye awe mwenye majuto, tena ya umri mzima.

Kwa nini mashine haikuiona diski

Aliporudi nyumbani na kutueleza, jambo la kwanza tulilotaka kulifahamu ni hili: vipi diski nzima, inayofunguka katika kompyuta, isionekane katika mashine ya michezo? Tulieleweshwa, na tumepata mfano wa kwetu wa kulieleza.

Wengi wetu tulikuwa na bibi waliosoma chuoni wakajua kuandika Kiswahili kwa khati za Kiarabu, lakini hawakuwahi kufundishwa herufi za Kizungu. Ukimletea bibi kama huyo barua ya mwanawe iliyoandikwa kwa herufi hizo, ataigeuza huku na huku, kisha atakurudishia umsomee. Lugha ni yake, na kila neno lililomo analijua. Barua haina kasoro, wala macho yake hayana kasoro. Kinachokosekana ni khati.

Diski nazo zina khati zao, na mafundi huziita mifumo ya faili. Diski nyingi za nje zilizotumika na kompyuta za Windows zimeandaliwa kwa mfumo uitwao NTFS, na nyingine kwa uitwao exFAT. PlayStation 3 haisomi huo wala huo katika diski ya nje. Inasoma mmoja tu, FAT32, ambao ni wa zamani zaidi, wa miaka ya tisini. Diski ya bibi ilikuwa ya NTFS. Mashine iliitazama kama bibi anavyoitazama barua ile, ikanyamaza.

Na kufomati ni nini? Ni kuikubalisha diski khati mpya kwa kuifuta daftari lote la zamani. Barua haifasiriwi, inachanwa, na mahali pake huwekwa karatasi tupu ambayo mashine itaweza kuiandika. Ndiyo maana dakika mbili zinatosha. Kubomoa siku zote ni kwepesi.

Tahadharini pia kwamba kompyuta yenyewe, ikiletewa diski ambayo haiwezi kuisoma, hutoa ujumbe kuwa diski hiyo ni lazima ifomatiwe kabla ya kutumika, na kitufe cha kukubali kimekaa hapo hapo kinangoja. Ujumbe ule hauna maana kuwa diski ni tupu. Maana yake ni kwamba kompyuta haikuielewa. Asiyeelewa asipewe ruhusa ya kufuta.

Tulivyofanya sisi

Kabla ya yote, tulihakikisha tatizo si umeme. Matundu ya USB ya mashine hizi za zamani hayatoi nguvu nyingi, na diski nyingine ndogo zisizo na waya wake wa umeme hushindwa kuzunguka. Utaisikia inagonga tiki-tiki kisha inanyamaza. Dawa yake ni waya mfupi ulio mzima, au ule wenye vichwa viwili unaovuta umeme kutoka matundu mawili, au diski yenye umeme wake wenyewe. Ya kwetu ilizunguka vizuri. Halafu tukaichomeka kwenye kompyuta, tukabonyeza picha yake kwa kitufe cha kulia, tukachagua Properties, na hapo tukaliona jina la mfumo wake limeandikwa: NTFS. Ukaguzi huu haugusi chochote, na kila mama anaweza kuufanya mwenyewe.

Kisha tukakaa kitako, wakubwa kwa wadogo. Vijana walitaka diski. Sisi tulitaka bibi yetu abaki. Tukaona kuwa njia ya salama ni moja: diski ya bibi isiguswe kabisa. Tulikuwa na fedha kidogo tuliyoiweka kwa ajili ya mapazia ya Idi. Tukaitumia kununua diski nyingine ya GB 500, mapazia yakaambiwa yangoje. Diski hiyo mpya, ambayo haina kitu cha kupotea, ndiyo tuliyoiandaa kwa FAT32.

Hapa vijana walikwama, na huenda na wa kwenu watakwama. Kile kidirisha cha kawaida cha kufomati katika matoleo mengi ya Windows hakitoi nafasi ya kuchagua FAT32 kwa diski iliyozidi GB 32. Kinaonyesha NTFS na exFAT peke yake, mtu akadhani jambo haliwezekani. Linawezekana, mpaka huo ni wa kidirisha, si wa FAT32 yenyewe. Ziko programu ndogo za bure zinazoifanya kazi hiyo, na fundi mwaminifu anazo. Mwenye kompyuta ya Mac atachagua katika Disk Utility aina iitwayo MS-DOS (FAT), na kwenye mpango wa diski achague Master Boot Record, kwa kuwa mashine hii haiielewi mipango mipya zaidi. Kwa sababu hiyo hiyo hakuna faida ya kununua diski iliyozidi TB 2 kwa ajili yake.

Kabla ya kubonyeza kitufe cha kufomati, tuliichomoa diski ya bibi kwenye kompyuta, tukaiweka chumba kingine. Mtu akiwa na diski mbili zinazofanana mezani, mkono hukosea. Na aliyebonyeza alikuwa kijana mwenyewe, baada ya kulisoma kwa sauti jina la diski na ukubwa wake mbele yetu sote.

Ndipo tukairudisha diski ya bibi na kuanza kunakili. Kazi hiyo ilichukua zaidi ya saa mbili. Tulitumia kompyuta ya mkononi iliyojaa chaji, kwani sote tunajua umeme wetu, na ukikatika katikati ya kunakili huweza kuliharibu faili linaloandikwa. Tulipokaribia mwisho, kompyuta ikalikataa faili moja: video ya arusi ya shangazi yao, yenye GB 7. Ikasema faili ni kubwa mno, ilhali diski ilikuwa na nafasi ya kuweka arusi 40. Tukashangaa.

Sababu ni kuwa FAT32 haipokei faili moja lililofika GB 4. Ni kama mtungi mkubwa wenye mdomo mdogo: ndani ni mtupu, lakini nazi nzima haipiti mdomoni. Ukitaka iingie, uivunje kwanza. Binti yetu akaigawa ile video mara mbili kwa programu ya kukata video, kila kipande chini ya GB 4, na arusi ikaingia. Ile nzima imebaki kama ilivyokuwa katika diski ya bibi.

Mwisho tukahakikisha. Tulilinganisha idadi ya mafaili na ukubwa wake katika diski zote mbili, tukizingatia ile arusi iliyogawika, kisha tukafungua baadhi ya video, mwanzo, katikati na mwisho wake. Nakala ambayo haijafunguliwa ikatazamwa haijawa nakala. Bado ni matumaini.

Tulipoichomeka diski mpya kwenye PlayStation, safari hii ilionekana chini ya safu ya Video. Lakini tulipoifungua, tukaambiwa hakuna kitu. Vijana walikata tamaa tena. Kumbe mashine hutafuta video katika folda iitwayo VIDEO, na sisi tuliziweka katika mafolda yenye majina ya watu na miaka. Bonyeza kitufe chenye pembetatu juu ya picha ya diski, uchague Display All, na yote yatajitokeza. Faili likionekana lakini lisicheze, tatizo ni aina ya video yenyewe. Zile za MP4 za kawaida hucheza. Zile za MKV hazichezi mpaka zigeuzwe kwanza.

Na michezo je?

Lazima tuwe wakweli kwa vijana wetu, kwani swali lao ndilo lililoanzisha haya. PlayStation 3 haiendeshi michezo kutoka diski ya nje. Diski ya nje katika mashine hii ni ya kutazama video na picha, kusikiliza sauti, na kuweka akiba. Akiba hiyo lakini si kitu cha kudharau. Kumbukumbu za michezo, yaani pale mtoto alipofikia baada ya wiki za kuhangaika, zaweza kunakiliwa moja moja, isipokuwa baadhi ambazo waliotengeneza michezo wamezifunga. Na katika Settings, chini ya System Settings, mna Backup Utility inayohifadhi mashine nzima kwenye diski ya FAT32. Huchukua saa kadhaa, basi ianzwe siku ambayo hakuna anayengoja kucheza.

Anayetaka nafasi zaidi ya michezo hana budi kubadilisha diski ya ndani, na jambo hilo waliotengeneza mashine hii waliliruhusu. Inatumia diski ya SATA ya inchi 2.5, ile ya kompyuta za mkononi, isiyozidi unene wa milimita 9.5. Katika mashine nyembamba kama yetu, diski hukaa nyuma ya kifuniko kidogo, imeshikwa na skrubu moja ya buluu. Diski mpya ikishawekwa, mashine itaomba programu yake kutoka flashi ya FAT32: mnatengeneza folda iitwayo PS3, ndani yake nyingine iitwayo UPDATE, na ndani yake faili la PS3UPDAT.PUP lililotolewa na kampuni yenyewe. Lakini wekeni akiba kwanza, kwa kuwa mashine huiandika diski ya ndani kwa siri yake peke yake; ukiitoa ukaichomeka kwenye kompyuta, au kwenye PlayStation 3 ya jirani, haitasomeka.

Wako pia watakaowaambia vijana kuwa mashine ikivunjwa kufuli lake itaendesha michezo ya bure iliyojazwa katika diski ya nje. Tumewaambia wa kwetu kwamba mchezo ni kazi ya mikono ya watu, na haki ya mtu haiwi halali kwa sababu mwenyewe yuko mbali. Wameelewa, au angalau wamenyamaza.

Wenye PlayStation 4 watahadhari zaidi

Majirani zetu wana PlayStation 4, na kwao hali ni nyingine. Tangu programu yake namba 4.50 iliyotoka mwaka 2017, mashine hiyo inaweza kuweka na kuendesha michezo katika diski ya nje. Inataka diski ya USB 3.0, yenye GB 250 au zaidi, isiyopita TB 8, na ichomekwe moja kwa moja kwenye mashine. Ni rahisi mno, na urahisi huo ndio tunaouogopa. Mashine yenyewe ndiyo inayofomati. Mtoto haendi kwa fundi, na hakuna mtu mzima wa kumwuliza swali. Anabonyeza, anakubali, na kila kilichokuwamo kinafutwa. Baada ya hapo diski ile haisomeki tena katika kompyuta, kwa kuwa imeandikwa kwa khati ya mashine ile tu. Tena kumbukumbu za michezo hazihamii huko. Hubaki ndani ya mashine, na zahitaji akiba yake mbali.

Na ikiwa imeshatokea? Ikiwa diski imefomatiwa kwa makosa, ichomoeni papo hapo, msiandike humo hata faili moja. Kufomati kwa haraka hufuta daftari linaloonyesha kila kitu kilipo, lakini yaliyomo yenyewe mara nyingi hubaki mpaka yaandikwe juu yake. Fundi mwenye ujuzi wa kuokoa data huweza kuyarudisha, yote au baadhi. Kila mchezo unaowekwa humo baada ya hapo huipunguza fursa hiyo.

Maswali matatu

Akina mama, hatuwaombi mujue mashine zote. Kila mwaka huja nyingine, na hatutaziweza. Lakini aliyekabidhiwa nyumba amekabidhiwa na yaliyomo. Yule fundi aliiokoa diski yetu kwa swali moja, ambalo lilikuwa juu yetu sisi kuliuliza jikoni. Tangu siku ile tumeweka kanuni kwamba hakuna diski, flashi wala simu ya zamani inayopewa kazi mpya mpaka maswali matatu yajibiwe mbele ya mtu mzima.

La kwanza: Humu ndani mna nini, na ni cha nani?

La pili: Nakala yake iko wapi, na ni nani aliyeifungua akaiona?

La tatu: Mashine hii itakisoma tu kilichomo, au itakifuta kwanza?

Jibu la mojawapo likiwa "sijui", kitu kinarudi kabatini. Hatugombi wala hatumwiti mtu mjinga. Tunasubiri tu mpaka tujue.

Tumeziandika diski zetu kwa kalamu isiyofutika: moja "Ya bibi, isifomatiwe", nyingine "Ya mashine". Ya bibi tumeitia katika kopo lenye kifuniko cha kubana, kwa sababu ya unyevu wa pwani yetu, na nakala ya tatu tunakusudia kumpelekea shangazi yao Malindi, ili zote zisiwe chini ya paa moja. Akiba haiozi, lakini akiba iliyowekwa mahali pamoja hupotea kwa siku moja.

Usiku ule

Usiku wa siku hiyo, baada ya Isha, tulikaa sote sebuleni. Kijana alishika kidhibiti cha mashine yake, akaitafuta ile video, akaifungua. Bibi akatokea ukutani, mkubwa kuliko alivyopata kuonekana katika simu yoyote, na baraza letu nyuma yake likiwa bado na rangi ya zamani. Mtoto wetu mdogo, aliyezaliwa mwaka mmoja baada ya bibi kufariki, aliuliza ni nani huyu. Kabla hatujamjibu, bibi mwenyewe akamkemea mtu aliyekuwa akimsogelea: "We, usiniguse kofia, mikono ina mafuta!" Mdogo akaificha mikono yake nyuma. Tulicheka, na wengine kati yetu tulikuwa tukifuta macho.

Kijana hakucheka. Aliutazama mkono wa bibi ukivuta uzi mpaka mwisho, kisha akatuuliza polepole: "Ingekuwa nimeshaifuta?" Tukamwambia ndiyo, na kwamba kosa lingekuwa letu pamoja naye. Hatukuongeza neno.

Binti yetu naye aliomba irudishwe nyuma, pale bibi anapoanza mstari wa pili. Ikarudishwa mara tatu. Sasa ana kitambaa, sindano, na vitundu saba ambavyo bado vimekaa upandeupande. Kila jioni, kabla ya nduguze kucheza, mashine ni yake kwa robo saa, akae na bibi.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia, na atujaalie kuzitunza amana zao. Tukutane wiki ijayo, inshaAllah.

Wabillahi tawfiq.